Kazi za Usiku na Draivu Z: Lipi Kweli, Lipi Uzushi?

Kama ofisini kwenu kuna kompyuta ya hesabu ambayo kila usiku inatakiwa kunakili mafaili kwenda kwenye seva, basi maneno haya umeshayasikia. Mhasibu anafika asubuhi, anakuta folda ya bakapu haina kitu kipya. Fundi anaitwa, anabofya ile skripti, mafaili yanamiminika kwenye draivu Z bila kikwazo, watu wanashukuru na kurudi mezani. Kesho yake hali ni ile ile. Hapo kila mtu anakuja na dawa yake.

Dawa nyingine ni nzuri kweli, nyingine zinaongeza ugonjwa. Nimekusanya hapa zile zinazozunguka zaidi, hasa kwa wanaotumia Windows na kipanga ratiba chake, Task Scheduler. Hukumu inatangulia, sababu zinafuata. Utaona kwamba madai mengi yanaanguka kwa kosa moja: kudhani kwamba anayefanya kazi ndani ya kompyuta usiku ni yule yule aliyeketi mbele yake mchana.

"Nikiibofya mwenyewe inakubali, kwa hiyo skripti ni nzima."

SI KWELI. Ulichothibitisha ni kwamba skripti inakubali ikiendeshwa na wewe, ukiwa umeingia kwa jina lako na draivu zako zimeshaunganishwa. Usiku hayo yote hayapo. Kazi ya ratiba huendeshwa na akaunti iliyoandikwa kwenye mipangilio yake, na huenda akaunti hiyo si yako kabisa. Hata ikiwa ni yako, ukishachagua kazi iendeshwe bila kujali kama umeingia au hujaingia, Windows huifungulia kikao cha pembeni, kisichoonekana kwenye kioo na kisichojua lolote uliloliandaa asubuhi.

Badala ya kubishana, kata mzizi wa fitina. Ongeza mistari hii miwili juu kabisa ya skripti, kisha iache iendeshwe kwa ratiba, usiibofye:

whoami > C:\logi\nani.txt
net use >> C:\logi\nani.txt

Asubuhi fungua faili hilo. Mstari wa kwanza utakutajia jina la aliyefanya kazi. Ukikuta "nt authority\system" mahali ulipotarajia jina la mhasibu, umeshapata nusu ya jibu. Chini yake ni orodha ya draivu za mtandao alizokuwa nazo usiku ule, na mara nyingi orodha hiyo ni tupu.

"Draivu Z ni ya kompyuta. Ikionekana kwangu, inaonekana kwa programu zote."

SI KWELI, na ningeombwa nitaje dai moja tu la kulisahihisha, ningetaja hili. Herufi ya draivu ya mtandao ni ya kikao cha aliyeingia, si ya mashine. Unapoingia asubuhi, Windows inakuunganishia Z yako, nayo inabaki yako. Kikao kingine kwenye kompyuta hiyo hiyo hakiioni.

Huhitaji kusubiri usiku ili ulishuhudie. Fungua dirisha la amri kwa kawaida, andika dir Z: na uone mafaili yamejipanga. Sasa fungua dirisha la pili kwa haki za msimamizi, uandike amri ile ile. Kwenye mipangilio ya kawaida utaambiwa njia haipatikani. Mtu ni mmoja, kompyuta ni moja, dakika ni hiyo hiyo, lakini Z haipo, kwa sababu Windows humpa msimamizi vitambulisho viwili, cha kawaida na cha juu, na kila kimoja kina draivu zake. Ndiyo maana ushauri wa "weka alama kwenye kisanduku cha haki za juu" mara nyingine huivunja kazi iliyokuwa ikienda vizuri.

Dawa ni kuachana na herufi na kuandika njia kamili ya mtandao: \\seva01\bakapu\hesabu. Njia hiyo haitegemei kuunganishwa na mtu yeyote mapema. Wapo wanaopendelea kuiunganisha Z ndani ya skripti yenyewe, na jina na nenosiri likiwa limeandikwa waziwazi. Itafanya kazi, ila kila atakayeifungua skripti hiyo ameshapewa nenosiri la seva. Usifanye hivyo.

"Iendeshe kwa akaunti ya SYSTEM. Hiyo ina nguvu zote."

NUSU KWELI. Ndani ya kompyuta yenyewe, SYSTEM inafika karibu kila mahali. Ikishatoka nje ya mashine, nguvu hizo haziendi nayo. Ofisi yenye domeni ya Active Directory itaiona SYSTEM kwa jina la kompyuta likiwa na alama ya dola mwishoni, tuseme OFISI\HESABU01$. Akaunti hiyo ya kompyuta unaweza kuipa ruhusa kwenye folda ya seva, na mambo yakaenda. Lakini ofisi ndogo nyingi hazina domeni. Zina kompyuta tano na kisanduku cha hifadhi kilichochomekwa kwenye swichi. Huko hakuna anayeitambua SYSTEM ya mashine nyingine, kwa hiyo inakataliwa.

"Wape Everyone ruhusa zote, itakubali."

SI KWELI, na ni hatari. Folda ya mtandaoni hulindwa mara mbili. Kuna ruhusa za kushea, halafu kuna ruhusa za folda yenyewe kwenye diski, zile za NTFS. Ya kwanza ni geti la kiwanja, ya pili ni mlango wa chumba: geti likiwa wazi huku mlango umefungwa, bado uko nje. Anayefika kupitia mtandao anabaki na kile kilicho kidogo kati ya hizo mbili. Sasa fundi anafungua moja tu, anasahau ya pili, anashangaa kwa nini bado msimbo ni 0x80070005, yaani umenyimwa ruhusa.

Kingine: tangu Windows XP, kundi la Everyone kwa kawaida halimhesabu asiyejitambulisha. Ile SYSTEM isiyojulikana mtandaoni haisaidiki hata ukiwapa Everyone kila kitu. Atakayenufaika ni virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia. Virusi hivyo hutumia haki za mtu aliyevifungua, na popote mtu huyo anapoweza kuandika, navyo vinaandika. Bakapu ambayo kila mfanyakazi anaweza kuibadilisha itafungwa pamoja na mafaili yaliyotakiwa kuokolewa nayo. Fungua akaunti moja kwa ajili ya kazi hii tu, uipe ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo tu. Wengine wabaki kusoma, au wasifike kabisa.

Madai mawili ya ruhusa tuyapitie haraka. Kwamba "kukataza hushinda kila mara": NUSU KWELI. Katazo lililowekwa moja kwa moja kwenye faili hushinda, lakini katazo lililorithiwa kutoka folda ya juu hushindwa na ruhusa iliyowekwa moja kwa moja kwenye faili. Na kwamba "faili likihamishwa huchukua ruhusa za folda mpya linakoingia": SI KWELI likihamishwa ndani ya diski ile ile, kwani huenda na ruhusa zake za zamani. Likinakiliwa, ndipo hurithi za huko liendako.

"Zima, uwashe."

KWELI, wazee wa fani walisema sawa. Ila sababu ni vyema uijue. Uanachama wa makundi huandikwa kwenye kitambulisho cha mtumiaji pale anapoingia. Ukimwongeza kwenye kundi la bakapu saa 4 asubuhi, kitambulisho chake cha saa 2 hakina habari. Atoke, aingie upya. Ikiwa ruhusa umeipa akaunti ya kompyuta, mara nyingi ni kompyuta yenyewe inayotakiwa kuwashwa upya. Kwa hiyo kuzima na kuwasha baada ya kubadilisha ruhusa ni hatua halali ya kazi. Lakini kama kila wiki unawasha upya na hakuna ulichobadilisha, basi kuna chanzo ambacho bado hujakigusa.

"0x0 ni mafanikio, 0x1 ni kufeli."

SI KWELI, pande zote mbili. Safu ya matokeo kwenye Task Scheduler inarudia tu namba ambayo programu yako imeiacha ilipotoka. Maana ya namba hiyo anaijua aliyeitunga programu.

Chukua robocopy, amri ya kunakili inayokuja na Windows na inayotumiwa na mafundi wengi. Kwake, 0 maana yake hakuna faili lililonakiliwa kwa sababu hapakuwa na jipya, na 1 maana yake mafaili yamenakiliwa salama. Namba zote chini ya 8 si kufeli. Kuanzia 8 ndipo kuna kilichoshindikana. Kwa hiyo ile 0x1 inayowatia watu hofu huenda ni habari njema. Nayo 0x0 inayowatuliza inaweza kuwa msiba: mhasibu alihamishia programu ya hesabu kwenye folda nyingine miezi iliyopita, skripti bado inatazama folda ya zamani, na kila usiku inatoa taarifa ya kweli kabisa kwamba huko hakuna kilichobadilika.

Robocopy ina tabia nyingine ambayo kila fundi anapaswa kuijua. Ikikuta faili limefungwa na programu nyingine, hurudia. Usipoiambia vinginevyo, itarudia mara milioni 1, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Piga hesabu: ni siku 347 kwa faili moja. Mtu akaacha hesabu wazi Ijumaa jioni, kazi ya usiku ikakwama hapo hapo. Task Scheduler kwa kawaida haianzishi kazi ya pili wakati ya kwanza haijaisha, kwa hiyo Jumamosi hakuna bakapu, Jumapili hakuna. Jumatatu asubuhi safu ya matokeo inaonyesha 0x41301, yaani kazi bado inaendelea, na mtu anaipita akidhani ni jambo zuri. Mipangilio ya kawaida huikata kazi baada ya siku 3. Mistari hii mitatu inaondoa adha yote hiyo:

robocopy D:\Hesabu \\seva01\bakapu\hesabu /E /R:2 /W:5 /LOG+:C:\logi\bakapu.txt
if %ERRORLEVEL% LSS 8 exit /b 0
exit /b 1

Sasa itajaribu mara 2 zaidi, ikingoja sekunde 5, kisha isonge mbele. Na namba utakayoiona asubuhi itakuwa na maana unayoitaka: 0 ni salama, 1 ni tatizo.

"Saa ikifika, kazi itaanza yenyewe."

SI KWELI, hasa penye umeme wa kusuasua. Kazi mpya kwenye Task Scheduler huja na sharti kwamba ianze tu ikiwa kompyuta inatumia umeme wa ukutani. Kwa laptopu hilo linaeleweka. Wengi hawatambui kwamba kompyuta ya mezani iliyounganishwa na UPS kwa waya wa USB nayo huhesabiwa kuwa ina betri. Umeme ukikatika saa 8 usiku, UPS ikashika, mashine inabaki hai huku kazi imekataa kuanza. Ikiwa mashine ilizima kabisa, saa ya kazi imepita, na kisanduku cha kuirudia mapema iwezekanavyo hakina alama mpaka uiweke mwenyewe. Vitazame vyote viwili leo.

Tena kuna saa yenyewe. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, kompyuta iliyokatiwa umeme huamka na tarehe ya zamani. Kwenye domeni, utambulisho wa Kerberos kwa kawaida hauvumilii tofauti ya saa inayozidi dakika 5. Ruhusa zote ziko sawa, nenosiri sahihi, na bado unakataliwa. Na hakikisha mnaelewana mnapopanga muda: bosi akisema "saa 2 usiku" anataka 20:00, lakini kompyuta iliyoandikiwa 02:00 itaanza saa 8 usiku. Seva ya kukodi iliyowekwa kwenye saa ya UTC iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa 3.

"Chagua kutohifadhi nenosiri, ni salama zaidi."

NUSU KWELI. Ni salama, lakini kazi iliyowekewa chaguo hilo haifiki popote nje ya kompyuta yenyewe. Windows inakuambia hivyo pale pale chini ya kisanduku, na ni watu wachache wanaosoma. Kwa bakapu ya kwenda kwenye seva, chaguo hilo ni kujifungia.

Ukilihifadhi nenosiri, kumbuka kwamba kazi imebaki na nakala ya siku ile. Mwenye akaunti akilibadilisha, kazi haipati taarifa. Usiku huo inaanguka, na msimbo 0x8007052E unakueleza kuwa jina au nenosiri si sahihi. Hii ni sababu nyingine ya kutotumia akaunti ya mtu binafsi, ambaye kesho atahamishwa au kuacha kazi. Penye Windows Server 2012 au ya baadaye na domeni, kuna akaunti za huduma ambazo nenosiri lake hubadilishwa na mfumo wenyewe, kwa kawaida kila siku 30, bila mtu kulijua wala kuliandika popote. Kama unaweza kuzitumia, zitumie.

"Washa SMB1, hifadhi ya zamani itaonekana tena."

KWELI, na usifanye. SMB1 ni lugha ya zamani ya kushea mafaili mtandaoni. Vifaa vingi vya zamani vya kuhifadhia mafaili vinajua lugha hiyo tu, na Windows 10 ilianza kuachana na SMB1 kwenye toleo la 1709 la mwaka 2017. Haikuondolewa kwa kuonea vifaa vya zamani. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa duniani kupitia tundu la SMB1, vikakwamisha hata hospitali za Uingereza, ingawa kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetolewa Machi ya mwaka huo. Tafuta kwanza sasisho la kifaa chako, kwani baadhi hupata SMB2 kwa njia hiyo. Kikikosa, weka akiba ununue kingine. Ukiwa na Windows 11 Pro toleo la 24H2 utakutana na ukali zaidi: kuingia kama mgeni bila jina kumezuiwa. Hapo dawa ni kufungua akaunti yenye nenosiri kwenye kifaa cha hifadhi, na ni jambo la dakika chache.

"Haya ni matatizo ya Windows. Hamia Linux."

SI KWELI. Cron, kipanga ratiba cha huko, iliyokuwemo kwenye Unix toleo la 7 mwaka 1979, ina desturi zile zile: huendesha kazi ikiwa na mazingira machache kuliko uliyonayo ukiingia mwenyewe, kwa hiyo amri unayoiita kwa jina fupi mchana huenda isipatikane usiku. Andika njia kamili huko pia. Linux ina mtego wake, tena mbaya zaidi. Hifadhi ya mtandao hupachikwa kwenye folda, tuseme /mnt/bakapu. Isipopachikwa, folda hiyo bado ipo, tupu, kwenye diski ya ndani. Skripti inanakili humo, inamaliza, inatoa 0. Bakapu yako iko kwenye diski ile ile uliyokuwa unaikinga, na diski inajaa. Amri ya mountpoint mwanzoni mwa skripti huliangalia hilo kabla ya faili la kwanza kuguswa.

"Mali bila daftari hupotea bila habari."

KWELI TUPU. Waliousema msemo huu walikuwa na duka mawazoni, na unatosha kwa seva pia. Kwenye Task Scheduler historia ya kazi kwa kawaida imezimwa. Iwashe upande wa kulia wa dirisha. Skripti iandike logi yake kwenye diski ya ndani, kamwe si kwenye ile ile draivu ya mtandao inayosumbua, maana mtandao ukikatika maelezo ya mkatiko nayo hayataandikwa. Iandike nani aliendesha, saa ngapi, mafaili mangapi yalikwenda, na namba ya kutokea.

Na logi hiyo ipate msomaji mwenye jina, anayeifungua kila asubuhi kabla ya chai. Mara moja kwa mwezi, mtu huyo achague faili moja la hesabu kutoka kwenye bakapu, alirejeshe kwenye kompyuta nyingine na kulifungua kwa programu yake. Likifunguka na tarakimu zikawa sawa, bakapu mnayo. Kama ofisini kwenu hajawahi kufanya hivyo mtu yeyote, fanyeni wiki hii.